Kichwa Kilichoitikia Kila Swali: kisa cha kijana kiziwi na simu iliyopotea

Simu ya matroni ilipotea Jumatatu jioni. Jumanne, kabla ya kipindi cha kwanza, kijana wa miaka 14 alikuwa amesimamishwa katikati ya ofisi ya naibu mwalimu mkuu, mbele ya watu wazima watatu: naibu mwenyewe, matroni, na mwalimu wa zamu aliyejua lugha ya alama kwa kubahatisha. Aliulizwa kama aliingia chumbani kwa matroni. Akaitikia kwa kichwa. Aliulizwa kama aliiona simu. Akaitikia. Kama aliichukua. Akaitikia. Kama ameshampa mtu. Akaitikia tena, safari hii na tabasamu dogo ambalo matroni alilisoma kuwa ni dharau. Dakika kumi hazikuisha, kesi ikawa imekwisha. Mwisho wa wiki ile wenzake waende makwao, yeye abaki bwenini.

Alhamisi matroni alivuta droo ya meza yake kwa nguvu, ikachomoka yote, na simu ikaonekana nyuma yake, imezima kwa kuishiwa chaji.

Mimi ndiye mwalimu wake wa darasa. Jumanne ile, wakati anahojiwa, nilikuwa darasani napanga kadi za picha. Alhamisi nilipanda ofisini nimejaa hasira za mtu anayejiona hana kosa, nikasema niliyosema. Kisha, ili naibu ajionee mwenyewe, nikamwita kijana na kumuuliza kwa mdomo na alama za kuvunjavunja, vilevile kama walivyomuuliza wao. Jana ulikwenda mwezini? Akaitikia. Wewe ndiye mwalimu wangu? Akaitikia. Una miaka mia moja? Akaitikia, na lile tabasamu. Naibu alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza swali ambalo sikujiandaa nalo: "Na darasani kwako, Mwalimu, huwa anaitikiaje?"

Nilirudi darasani nikafungua daftari la maendeleo. Kwa karibu miaka mitatu, kila nilipomaliza kumweleza jambo nilimuuliza UMEELEWA?, yeye akaitikia kwa kichwa, nami nikaweka tiki. (Alama naziandika kwa herufi kubwa, kama tulivyozoea.) Kurasa na kurasa za tiki. Kama naibu alimhukumu kwa kichwa kile mara moja, mimi nilikuwa nimempandisha ngazi kwa kichwa kilekile kila wiki.

Naibu alimwomba radhi kabla hajaondoka ofisini. Kijana akaitikia kwa kichwa.

Alichokuja nacho

Alifika kwetu akiwa na miaka 11. Ni kiziwi tangu uchanga. Visaidizi vya kusikia alivyopewa vinamletea mlango ukibamizwa na honi ya gari, maneno havimletei. Wazazi wake wanasikia, na hilo si jambo la ajabu. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wana wazazi wanaosikia. Maana yake mtoto anazaliwa katika nyumba ambayo lugha iliyopo haimfikii, na lugha ambayo ingemfikia hakuna anayeijua.

Mama yake aliwahi kukaa nami mchana mzima tukiorodhesha alama za nyumbani, zile ambazo yeye na mwanawe walizizua wenyewe. Zilikuwa thelathini na kitu. KULA, LALA, OGA, NJOO, ACHA. BABA, kwa mkono unaopapasa kidevu. NYAMAZA, kwa mtoto ambaye hajawahi kusema neno. Niliifurahia sana orodha ile na nikaibandika ukutani. Ni baada ya kisa cha simu ndipo nilipoisoma upya nikaona kilichokosekana: hapakuwa na alama hata moja ya kuuliza. NINI hakuna, NANI hakuna, WAPI hakuna. Orodha nzima ilikuwa ya mtu mmoja kumwamuru mwingine.

Na alama iliyotumika kuliko zote mama hakuitaja, kwa kuwa hakuihesabu kuwa ni alama. Mama akizungumza jambo refu, mtoto anautazama mdomo unavyocheza, haambulii kitu, na mdomo ukitulia anaitikia kwa kichwa. Uso wa mama unalegea. Shughuli zinaendelea. Kwa miaka 11 kuitikia kwa kichwa hakukuwa na maana ya "ndiyo", wala "nimeelewa". Kulikuwa na maana ya "yaishe".

Faili lake nalo lilikuja na sentensi iliyomwandama kila alikokwenda: "ana uelewa mdogo". Ilitokana na kipimo kilichofanywa kwa maelekezo ya mdomo. Kumpima kiziwi akili kwa maneno ya mdomo ni kumpima macho mtu uliyemfunga kitambaa. Baadaye tulipata mtaalamu aliyempima kwa vipande vya mbao na picha za kupanga, bila maneno, na picha ikabadilika, ingawa haikugeuka kabisa. Kweli kijana anajifunza polepole. Mpangilio wa matukio unampa shida: kilichoanza, kilichofuata, kilichomalizia. Lakini sehemu kubwa ya kile kilichoitwa uelewa mdogo ilikuwa njaa ya lugha. Mambo haya mawili yakikaa ndani ya mtoto mmoja ni kazi kuyatenganisha, na simwamini mtu anayeyatenganisha kwa kumtazama mtoto nusu saa.

Wapo wenzangu wanaodhani alama za nyumbani ni dalili ya akili iliyodumaa. Waangalie kilichotokea Nikaragua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto viziwi waliokuwa wakiishi kila mmoja peke yake kwao walikusanywa shuleni kwa wingi kwa mara ya kwanza. Walimu walihangaika kuwafundisha kusoma midomo. Watoto, uwanjani na ndani ya mabasi, walichanganya alama zao za nyumbani, na ndani ya miaka michache wakawa na lugha mpya yenye sarufi yake. Akili walikuja nayo kutoka nyumbani. Walichokosa ni wenzao.

Kilichotokea ofisini

Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, papa, mama. Midomo inafanya kitu kimoja mara tatu. Anayesikia tangu utoto na akapoteza usikivu ukubwani hukisia lipi limesemwa kwa kuwa maneno yote anayo kichwani, na muktadha unamchagulia. Kijana wangu hakuwa na maneno ya kuchagua. Kumwambia mtoto wa aina yake "nitazame mdomo" ni kumpa kitabu cha lugha asiyoijua na kumwambia asogee karibu na taa.

Halafu kuna uso. Katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda swali ni la ndiyo au hapana. Zikikunjwa, mara nyingi ni swali la nani, nini, wapi. Uso ni sehemu ya sarufi. Naibu aliuliza "umechukua?" akiwa amekunja uso kwa hasira, na mwalimu wa zamu akaweka mikono yake juu ya uso uleule. Kijana alichokiona ni mikono inayosema WEWE CHUKUA SIMU na uso wa mtu aliyekasirika. Alama ya swali haikuwapo popote. Ilikuwa tuhuma, au amri, au habari. Kwa vyovyote ilikuwa kitu kinachotaka kuishia.

Jambo la tatu nililiona siku ile nilipokuwa namwigiza naibu kwa majaribio yangu. Mtu anayehoji akiwa ameshaamini jibu huitikia kwa kichwa yeye mwenyewe wakati anauliza. Jaribu: "Ulichukua wewe, sivyo?" Kichwa chako kimecheza. Kijana aliishi maisha yake yote kwa kuiga nyuso za watu. Ulipomtikisia kichwa, alikurudishia.

Na tabasamu? Ni la woga. Mtoto yeyote aliyezungukwa na watu wakubwa wenye hasira asioelewa wanasema nini hutabasamu, kwa matumaini kwamba nao watatabasamu. Matroni, mama wa watoto wanne, aliponielewa hilo alikaa kimya muda mrefu.

Tulianza kwa kukosea

Nilijua nini cha kumfundisha: namna ya kusema kwamba hajaelewa. Wiki ileile nikatengeneza kadi ya SIJAELEWA, picha upande huu, alama upande ule. Tukaifanyia mazoezi asubuhi na jioni. Ndani ya siku mbili aliitoa ile alama kwa unadhifu kuliko mimi. Nikimwonyesha kadi, anaitoa. Nikimuuliza alama hii ni nini, anaitoa. Na nikimpa maelekezo yasiyoeleweka, anaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipokaa siku mbili nyuma ya darasa na karatasi, bila kufundisha, naandika kila kitu ambacho kijana alikianzisha mwenyewe. Si alichojibu: alichoanzisha. Kwenye daftari langu alikuwa na alama zaidi ya 200. Kwenye karatasi ile, kwa siku mbili, palikuwa na kuvuta shati la mtu, kunyoosha kidole, kujichukulia kitu bila kuomba (ndiyo maana sifa ya wizi ilimshika upesi hivyo), na mara moja alama ya MAJI. Zile 200 zilikuwa majibu ya mtihani. Aliamini alama ni kitu unachokitoa mwalimu akinyanyua kadi.

Sijui ningekwama hapo kwa muda gani kama si fundi cherehani. Shuleni kwetu yupo dada anayeshona sare, kiziwi, mkali wa lugha ya alama, asiye na subira na walimu. Siku moja alikuja darasani kunipima mabega kwa ajili ya koti la maigizo, nikawa namweleza ninavyotaka. Akanikatisha kwa kiganja wazi usoni kwangu. NGOJA. SIJAELEWA. MIKONO YAKO WAPI? Nikarudia. Akatikisa kichwa kukataa. BADO. POLEPOLE. Nikarudia tena. AA. SASA. Nikageuka nikamkuta kijana ametukodolea macho, mdomo wazi, kama mtu aliyeona mtumishi anamfokea mfalme.

Hakuwa amewahi kuona. Miaka 14, na hakuwahi kuona mtu mzima akimwambia mtu mzima mwenzake "sijakuelewa". Watoto wanaosikia wanalisikia hilo kutwa nzima bila kufundishwa na yeyote: baba anauliza "unasemaje?" kutoka chumba kingine, jirani anasema "rudia, sijakupata", watu wanaelewana vibaya, wanagombana, wanapatana. Mtoto kiziwi katika nyumba ya wanaosikia anaona vinywa vinacheza. Shuleni kwetu hali haikuwa bora. Sisi walimu tulikuwa tukimgeukia mwanafunzi tunatumia alama. Tukigeukiana sisi kwa sisi tunaongea kwa mdomo. Tulikuwa tumemfungia nje ya mazungumzo yote isipokuwa yale yaliyomhusu, na yaliyomhusu karibu yote yalikuwa maagizo. Kama nyumbani.

Tukaweka sharti moja darasani: mtu yeyote aliyeingia humu, akizungumza na yeyote, kwa jambo lolote, anatumia alama. Hata kama ni mimi na mwalimu mwenzangu tunabishana nani amechukua ufunguo wa kabati. Hasa kama tunabishana. Sharti hili liliwaudhi watu kuliko lolote nililowahi kupendekeza. Baadhi walikuwa wanatoka nje kwenda kunong'ona barazani. Lakini fundi cherehani tulimwomba awe anakuja robo saa kila siku, na kazi yake ilikuwa kutoelewa.

Mitego na subira

Kisha tukaanza mitego. Namtuma kijana akalete kitabu chekundu, na kabatini havipo vyekundu. Nampa kalamu isiyo na wino. Namwambia PELEKA BARUA KWA MWALIMU, na walimu watatu wamekaa mbele yake. Wakati mwingine natoa alama ambayo haipo kabisa duniani. Darasa zima nililiambia mapema kwamba Mwalimu atakuwa anazua alama za uongo na atakayemkamata ameshinda. Sikutaka tena mtoto adhani kutoelewa ni kosa lake.

Mpangilio wa watu tuliuazima. Mwaka 1985 huko Marekani, Andy Bondy na Lori Frost walibuni mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha kwa ajili ya watoto wenye usonji, na hatua ya kwanza ya mfumo huo hutumia watu wazima wawili. Wa mbele ana kitu anachokitaka mtoto, wala hamuulizi "unataka nini?" Wa nyuma anausaidia mkono wa mtoto, kimyakimya, na anaupunguza msaada huo siku hadi siku. Uzuri wake ni kwamba mtoto hamgeukii anayemsaidia kutafuta jibu, maana hamwoni. Tulifanya hivyohivyo kwa alama: mimi mbele natega mtego, mwenzangu nyuma. Kijana akianza kuinamisha kichwa, mwenzangu anagusa kiwiko chake kwa chini. Basi. Kugusa tu, ili mkono unyanyuke.

Lakini kabla ya kugusa, kusubiri. Mtafiti Mary Budd Rowe alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja. Walipojizuia kwa sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe. Hao walikuwa watoto wanaosikia, kwenye vipindi vya sayansi. Kwa kijana huyu tulikubaliana tuhesabu hadi kumi kimoyomoyo, na naapa hakuna kazi niliyowahi kufanya iliyo ngumu kuliko kuhesabu hadi kumi nikiwa namtazama mtoto machoni bila kunyanyua nyusi, bila kutabasamu, bila kurudia. Kwenye nne mikono inawasha. Kwenye saba unahisi unamtesa. Siku ya kwanza hatukupata kitu. Ya pili vilevile. Ya sita, kwenye tisa, macho yake yalihama kutoka kwangu kwenda kwa walimu watatu, akarudi kwangu, mkono ukanyanyuka nusu, ukaganda, kisha:

MWALIMU... NANI?

Si SIJAELEWA tuliyoihangaikia. NANI. Bora mara kumi, maana SIJAELEWA inamrudishia mwenzako kazi yote, NANI inamwonyesha hasa pengo liko wapi. Nilimjibu upesi, kwa kumtaja mwalimu, kama mtu anayemjibu mtu. Sikumpigia makofi. Mwenzangu alitaka kushangilia nikamzuia kwa jicho. Mtoto akiuliza swali, zawadi yake ni jibu.

Baada ya NANI, WAPI ilikuja ndani ya wiki, NINI ikafuata. KWA NINI mpaka leo inachechemea. Na SIJAELEWA yenyewe ilipokuja, alikuja nayo kama mchezo: kwa mwezi mzima hakuelewa chochote. Amka. SIJAELEWA. Fagia. SIJAELEWA. Anacheka mpaka anashika tumbo. Kulikuwa na siku nilitamani kile kichwa kinachoitikia kirudi.

Malalamiko

Mwalimu wa zamu alinisimamisha barazani. "Mwalimu, mmemfundisha kiburi. Zamani ukimtuma anakwenda."

Lalamiko hilo silipuuzi. Pamoja na maswali tulikuwa tumemfundisha HAPANA, na HAPANA ina gharama, na gharama hiyo hailipwi na mwalimu wa lugha aliyeketi darasani. Inalipwa na matroni mwenye watoto arobaini wa kuoga kabla ya saa moja. Hata hivyo, kabla ya HAPANA alikuwa na namna nyingine ya kukataa: teke, au kulala sakafuni. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985, kwa watoto wenye ulemavu wa ukuaji, kwamba ukijua fujo ya mtoto inamsaidia kupata nini, ukamfundisha namna nyepesi ya kukisema kitu hicho, fujo hupungua. Kwa watoto ambao fujo zao zilizuka pale kazi ilipokuwa ngumu, maneno waliyofundishwa yalikuwa, kwa Kiswahili, "sielewi". Niliposoma hilo nilipata aibu kidogo. Mwaka 1985!

Tulichoafikiana na bweni ni hiki, na kilitusaidia kuliko mafunzo yote: usiulize swali ambalo hauko tayari kupokea jibu lake. Kama kuoga ni lazima, usiseme UNATAKA KUOGA? Sema OGA, kisha muulize la kuchagua: SASA, au BAADA YA KUKUNJA NGUO? Akisema HAPANA kwa jambo lenye hiari, iheshimiwe hapohapo, hata kama inakera, hata kama mgeni anatazama. HAPANA inayopuuzwa mara tatu mtoto anaitupa, anarudi kwenye teke. Au kwenye kichwa.

Hilo la kichwa linanitisha zaidi. Teke linaonekana. Mtoto anayekubali kila kitu ndiye mtoto ambaye mtu mbaya anaweza kumfanyia chochote, na akiulizwa kama hakuna kibaya kilichotokea, ataitikia.

Kuhoji upya

Naibu, kwa hisani yake, alitaka tuandike utaratibu wa kuhoji wanafunzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, katika kifungu cha 13 unataka watu hawa wafikie haki kwa usawa, utaratibu urekebishwe kulingana na hali yao na umri wao. Wanaosoma kifungu kile hufikiria mahakama. Kwa mtoto, mahakama ya kwanza ni ofisi ya mwalimu.

Tukaandika kwamba aliyeibiwa asiwepo chumbani, na anayetafsiri asiwe anayeshtaki. Maswali ya ndiyo na hapana yaje mwisho, si mwanzo. Kuanzia ni JANA JIONI, WEWE, ULIFANYA NINI?, na picha za bweni, uwanja na darasa mezani ili mtoto azipange mwenyewe kwa mfuatano. Ukimpa la kuchagua, CHUMBANI AU UWANJANI?, baadaye uligeuze, UWANJANI AU CHUMBANI?, maana mtoto asiyeelewa hurudia alama ya mwisho aliyoiona. Na katikati ya maswali ya kweli upachike mawili ambayo jibu lake kila mtu analijua ni hapana. Akikubali kwamba jana alikwenda mwezini, funga daftari, hakuna mahojiano hapo. Nilitaka pia tumwite fundi cherehani kama mkalimani kiziwi, jambo linalofanyika katika mahakama za nchi kadhaa: kiziwi mwenye lugha pana anayeweza kugeuza swali kuwa igizo, picha, chochote kinachomfikia mwenye lugha finyu. Hilo lilipingwa kwa kuwa yeye "si mwalimu". Tunaendelea kubishana, kwa alama.

Darasani nami neno UMEELEWA? nimelifuta. Badala yake nauliza NIMESEMA NINI? Kijana ananirudishia kwa njia yake, nami naona palipovuja. Daftari langu la sasa lina tiki chache mno.

Mwisho wa muhula mama yake alikuja kumchukua. Kijana alikuwa na habari ndefu: wenzake wawili walianguka kwenye maigizo, pazia likawafunika, koti likachanika, fundi cherehani akakasirika. Akaisimulia yote kwa mfuatano, mara moja tu akirudi nyuma kusahihisha nani alianguka kwanza. Mama alimtazama kwa mapenzi, akaifuata mikono ile inavyokwenda mbio, na mikono ilipotulia akaitikia kwa kichwa, akitabasamu.

Kijana hakutabasamu. Alimwangalia mama yake muda kidogo. Kisha akanyanyua mikono, polepole, kama mtu anayemsemesha mtoto: NIMESEMA NINI?

Mama akanigeukia mimi. "Anasemaje, Mwalimu?"

Nikatia mikono mifukoni.